Maradhi ya neva: Vifaa vinavyoweza kumrudisha mgonjwa barazani

Na MWANDISHI WETU

MTU anayeugua maradhi ya neva yanayozidi polepole hapotezi uwezo wake kwa siku moja. Kwanza kifungo cha kanzu hukataa kuingia tunduni. Kisha kikombe cha kahawa tungu humwagika kabla ya kufika mdomoni. Baadaye sauti hufifia, wenzake wakamwomba arudie neno mara mbili, mara tatu, hadi yeye mwenyewe akaona afadhali anyamaze.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, ambako habari, biashara, posa na hata suluhu za ugomvi hupitia barazani, kunyamaza huko ni kutengwa. Jirani huacha kumwona pale alipozoea kuketi. Baada ya miezi michache watu humzungumzia kama mtu aliyekwisha safiri, ilhali yuko ghorofani, akili yake timamu, akisikia kila neno linalosemwa kichochoroni.

Madaktari hawajapata tiba ya kuyaondoa kabisa maradhi haya. Hata hivyo, vipo vifaa na mbinu za kumwezesha mgonjwa kutembea, kula, kuandika na kusema kwa muda mrefu zaidi, na vingi si vya bei ghali. Sharti kubwa ni mawili: kifaa kilingane na nyumba, njia na lugha ya mgonjwa, na kifike mapema, kabla ya uwezo kupotea.

Maradhi yenyewe

Linalojulikana zaidi ni ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza katika kitabu kidogo mwaka 1817. Chembe za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa kidogo kidogo. Mgonjwa hutetemeka mkono akiwa ametulia, viungo hukakamaa, hatua hufupika na maandishi yake huwa madogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa na ugonjwa huo mwaka 2019. Bondia Muhammad Ali, aliyezuru Tanzania na Kenya mwaka 1980, aligunduliwa kuwa na dalili zake mwaka 1984 na kuishi nazo hadi alipofariki mwaka 2016.

Wa pili ni ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, ambao aina yake kuu hujulikana kwa ufupisho ALS. Huu hudhoofisha mikono, miguu, ulimi na mwisho misuli ya kupumulia, na wagonjwa wengi hufariki ndani ya miaka mitatu hadi mitano tangu dalili za kwanza. Wa tatu ni sklerosisi ya sehemu nyingi, au MS, ambapo kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Mgonjwa wa MS anayeishi Pwani hukabiliwa na adui mwingine: joto. Mwili wake unapopata moto, neva zilizojeruhiwa hupitisha ujumbe kwa shida zaidi, naye huona macho yakififia au miguu ikilegea. Hali hiyo hupungua mwili unapopoa na haimaanishi kuwa ugonjwa umepiga hatua. Kwake yeye, feni, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi shingoni, na kufanya shughuli za nje kabla ya jua kupanda ni vifaa saidizi sawa na mkongojo.

Watu wengi huishi na maradhi haya bila kuyajua. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, miongoni mwa wakazi zaidi ya 161,000, waliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson. Kwa mujibu wa matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2008, wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Hata Mombasa si ajabu kusikia mtetemeko ukiitwa uzee, kijicho au upepo mbaya. Dua haizuii kwenda hospitali, na aliyesomewa kombe jioni anaweza kuonana na daktari asubuhi.

Mlango unapogeuka ukuta

Miongoni mwa mambo yanayowashangaza jamaa za mgonjwa wa Parkinson ni kuganda. Mtu aliyekuwa akitembea vizuri sebuleni hufika mlangoni na miguu ikashikamana na sakafu kama iliyotiwa gundi. Hali hii hutokea hasa kwenye milango, kona na mapito membamba. Nyumba za Mji wa Kale, zenye milango ya nakshi yenye vizingiti vilivyoinuka, ngazi za kusimama na vichochoro vya Kibokoni na Kuze, zina kila kitu kinachochochea kuganda huko.

Dawa yake mara nyingi ni mdundo au mstari. Ubongo ulioshindwa kuanzisha hatua wenyewe huweza kuianzisha ukipewa ishara kutoka nje. Ushahidi wa jambo hili ulipatikana karibu nasi. Mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kaskazini mwa Tanzania, kwa wagonjwa wa Parkinson ambao hawakuwa wameanza dawa yoyote. Walifunzwa kutembea kwa kufuata ishara za kuongoza hatua, na mwendo wao ukawa bora, hata pale walipotakiwa kufanya jambo jingine huku wakitembea. Mafunzo hayo hayakuhitaji mashine kubwa wala hospitali ya mamilioni.

Nyumbani, familia inaweza kubandika utepe wa rangi kali sakafuni, kila utepe ukiwa umbali wa hatua moja, kuelekea mlangoni na kuvuka kizingiti. Mgonjwa huambiwa akanyage kila mstari. Akiwa nje, programu ya mdundo katika simu ya mkononi, iliyounganishwa na kisikizi cha sikio moja, humpa mwendo. Sikio la pili libaki wazi kusikia honi ya tuktuk. Asiye na programu ahesabu kwa sauti, "moja, mbili, moja, mbili". Lililo kosa ni kumvuta mkono mtu aliyeganda. Mwache asimame, apumue, ahamishe uzito wa mwili mguu mmoja, kisha aanze upya.

Kiti cha magurudumu na vichochoro

Wakati hufika ambapo kutembea ni hatari kuliko kukaa. Hapo familia nyingi hukimbilia kiti cha magurudumu chochote kinachopatikana, mara nyingi cha msaada, ambacho hakikupimwa kwa mwili wa mtumiaji. WHO katika mwongozo wake wa mwaka 2008 kuhusu viti vinavyoendeshwa kwa mkono ilisisitiza kuwa kiti sharti kipimwe, kirekebishwe na mtumiaji afunzwe kukitumia. Kiti kikubwa mno humlaza mtu upande na kumletea vidonda. Kidogo mno humbana mapaja.

Kwa mkazi wa Mji wa Kale kuna kipimo cha pili: njia. Kabla ya kununua, chukua utepe wa fundi cherehani upime upana wa mlango wa mbele, mlango wa choo na sehemu nyembamba kabisa ya kichochoro hadi Ndia Kuu. Kiti cha kawaida cha mtu mzima huwa na upana wa sentimita 60 hadi 70. Kisichopita mlangoni ni samani tu. Kwenye njia zenye mashimo, kiti cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa mbali kidogo na miguu, hustahimili kuliko kile cha hospitali chenye vigurudumu vidogo mbele.

Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, kwa hivyo mwenye nyumba hawezi kubomoa kizingiti au kupanua mlango wa kale apendavyo. Hilo lisimkatishe tamaa. Mteremko wa mbao unaowekwa na kuondolewa hauharibu jengo, na seremala yeyote anaweza kuutengeneza. Suluhisho jingine ni kumhamishia mgonjwa chumba cha chini mapema, angali anaweza kushuka ngazi kwa miguu yake, badala ya kungoja siku atakayobebwa na vijana wanne.

Kwa vifaa hivi, Chama cha Walemavu wa Viungo nchini Kenya (APDK), kilichoanzishwa mwaka 1958, kina tawi Mombasa. Karakana zake za Bombolulu, ng'ambo ya daraja la Nyali, zimekuwa zikiajiri mafundi wenye ulemavu tangu mwaka 1969.

Mkono, meza na choo

Vifaa vidogo ndivyo vinavyookoa heshima ya mtu. Kijiko chenye mpini mnene hushikika kirahisi. Kipande cha mpira wa bomba kikivishwa mpini wa kijiko cha kawaida hufanya kazi hiyo hiyo. Sahani yenye ukingo ulioinuka huzuia wali usimwagike, na kitambaa chenye maji chini yake huzuia sahani isiteleze. Kikombe kikubwa chenye kifuniko, kilichojazwa nusu, humruhusu anayetetemeka kunywa kahawa pamoja na wenzake. Vifungo vya kanzu na buibui vinaweza kubadilishwa na fundi cherehani kuwa utepe wa kunata.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani mkubwa kwa mwenye viungo vilivyokakamaa. Kiti imara kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu, pamoja na mhimili wa chuma ukutani, hupunguza maanguko. Mtu anayeanguka chooni na kuvunjika nyonga hupoteza kwa dakika moja alichokilinda kwa miaka.

Dawa kwa saa yake

Dawa kuu ya Parkinson ni levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Kadiri ugonjwa unavyozidi ndivyo muda wa nafuu unavyofupika, na kuchelewa kwa nusu saa kunaweza kumfunga mtu kitini. Kwa hivyo kengele ya simu ni kifaa saidizi cha kwanza kabisa. Samaki, nyama na maharagwe vikiliwa pamoja na dawa huweza kupunguza kiasi kinachofika kwenye ubongo, ndiyo maana wagonjwa wengi hushauriwa kumeza dawa muda fulani kabla ya chakula. Mwezi wa Ramadhani unapokaribia, ratiba hiyo ijadiliwe na daktari mapema, na hukumu ya mgonjwa kufunga iulizwe kwa mwanachuoni. Asiiache dawa ghafla, kwani kuikata kwa pupa ni hatari kwa maisha.

Wapo wanaosikia kwamba mbegu za upupu, ule mmea unaowasha ngozi, zina levodopa. Ni kweli zinayo. Lakini kiasi chake hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu, na anayezitwanga nyumbani hajui amemeza kipimo gani. Jambo hilo aachiwe daktari.

Sauti: ihifadhi kabla haijaondoka

Hasara iliyo nzito kuliko zote ni ya sauti, na hapo ndipo ucheleweshaji unapoumiza zaidi. Mgonjwa wa Parkinson huzungumza chini bila kujua. Yeye hudhani anasema kwa nguvu. Mazoezi ya kutoa sauti kubwa, chini ya mtaalamu wa matamshi, humsaidia. Kusoma gazeti au Kurani kwa sauti kila siku ni zoezi jema. Kipaza sauti kidogo cha kufunga kiunoni, kama kile kinachotumiwa na wachuuzi, humwezesha kusikika tena penye watu.

Kwa mgonjwa wa ALS hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa ulimi wenyewe hukoma. Mfano maarufu ni wa mwanafizikia Stephen Hawking wa Uingereza, aliyeambiwa ana ugonjwa huo mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1985, baada ya nimonia, alipasuliwa koo ili aweze kupumua na sauti yake ikapotea moja kwa moja. Watu hukumbuka kompyuta yake. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya kompyuta alitumia kadi ya herufi: mtu alimwonyesha herufi moja baada ya nyingine, naye akainua nyusi ilipofikiwa aliyoitaka. Baadaye alichagua maneno kwa kubofya swichi, na mkono uliposhindwa akatumia msuli wa shavu. Aliishi hadi Machi 2018.

Kiswahili kina faida hapa isiyotambuliwa na wengi. Maneno yetu hujengwa kwa silabi zilizo wazi, zile zile mtoto anazofunzwa chekechea: ba, be, bi, bo, bu. Ubao wa mgonjwa unaweza kupangwa hivyo hivyo, kila safu ikiwa na konsonanti yake na kila safuwima irabu yake, na silabi zinazojitegemea kama "m" na "n" zikiwekwa pembeni. Msaidizi hupitisha kidole kwenye safu. Mgonjwa hukonyeza jicho ilipofika safu yake. Kisha kidole hupita kwenye a, e, i, o, u, naye akakonyeza tena. Neno "nisaidie" lina herufi nane, lakini silabi zake ni tano tu: ni-sa-i-di-e. Kwa mtu ambaye kila kukonyeza ni jasho, tofauti hiyo ni kubwa. Wazee waliosoma chuoni na kuzoea hati za Kiarabu kuliko za Kilatini watengenezewe ubao wa hati hizo. Gharama ya yote haya ni karatasi ngumu na kalamu.

Kwa upande wa mitambo, Kiswahili kimesogea. Mwaka 2005 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walieleza mfumo wa kompyuta wa kusoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti. Mwaka 2017 Google iliongeza Kiswahili katika lugha ambazo simu huzipokea kwa kusemeshwa na kuziandika. Leo zipo sauti za kompyuta zinazosoma Kiswahili, na simu za kawaida zinaweza kuongozwa kwa ishara za uso au macho. Programu ya Look to Speak, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2020, humwezesha mtu kuchagua sentensi kwa kutazama kushoto, kulia au juu, na sentensi hizo zinaweza kuhaririwa na familia.

Hata hivyo, mitambo hiyo imefunzwa zaidi kwa Kiswahili sanifu. Mzee wa Mvita asemaye "mato" kwa macho, "nti" kwa nchi na "mtele" kwa mchele, tena kwa ulimi uliolegea, hutatizika kueleweka na simu. Na sauti ya kompyuta ikimsemea, huwa ni sauti ya mtu mwingine, wa mahali pengine.

Kwa sababu hiyo, wiki ile ile daktari anapotamka jina la ugonjwa, familia na ianze kurekodi. Simu ya kawaida yatosha, chumbani palipotulia, feni ikiwa imezimwa. Mgonjwa aseme mambo ya kila siku: nina kiu, nigeuze, naumwa hapa, fungua dirisha, niiteni daktari. Aseme majina ya watoto na wajukuu jinsi anavyoyaita mwenyewe. Aseme salamu zake, dua zake, mizaha yake na hata karipio lake. Kila sentensi iwe faili moja lenye jina, ihifadhiwe mahali pawili tofauti. Siku sauti itakapokoma, kubofya picha kwenye simu kutamfanya mjukuu asikie jina lake kwa sauti ya babu, katika lahaja ya babu. Rekodi nyingi na safi zaidi huweza pia kutumiwa na programu za kisasa kuunda sauti bandia inayofanana na yake.

Tahadhari moja ni muhimu. Sauti ni mali ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inautambua utambuzi wa sauti kuwa miongoni mwa taarifa za kibayometriki. Rekodi zisisambazwe ovyo, wala namba ya siri ya M-Pesa isigawiwe kila mlezi kwa kuwa vidole vya mwenyewe vinatetemeka. Achaguliwe mtu mmoja anayeaminika, mgonjwa mwenyewe akiridhia.

Haki na mahali pa kuanzia

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kukabili vikwazo vya hali yake, na pia haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na sheria mpya ya mwaka 2025 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 2003.

Wagonjwa wengi wa neva hawadai haki hizo kwa sababu hawajihesabu kuwa walemavu. Wao hujiona wagonjwa tu. Lakini usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu ndio mlango wa kuomba vifaa na nafuu za kodi. Hatua ya kwanza ni kupimwa na kuandikiwa ripoti katika hospitali iliyoidhinishwa. Kisiwani Mombasa, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Coast General ina huduma za tiba ya viungo. Madaktari bingwa wa neva ni wachache na wengi wako Nairobi, kwa hivyo anayepata miadi aende na orodha ya maswali, dawa zote anazotumia, na video fupi ya simu inayoonyesha jinsi anavyotembea na kutetemeka nyumbani.

Pengo ni kubwa. Ripoti ya WHO na UNICEF ya Mei 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji.

Pengo jingine halihitaji bajeti ya serikali. Anayezungumza kwa ubao wa silabi huchukua dakika mbili kujibu swali la sekunde mbili, na mlezi mwenye haraka humkatiza, akamalizia sentensi kwa kukisia. Hapo ubao umekuwa bure. Mwenye kuulizwa apewe muda wa kujibu, hata kahawa ikipoa. Mlezi naye, ambaye aghalabu ni mke au binti, apokezane zamu na wengine ili asichoke kungoja. Maradhi haya huuchukua mwili kipande kwa kipande, na kwa wengi huiacha akili ikiwa nzima. Vifaa vyote vilivyotajwa hapa vina kazi moja: kuifungulia akili hiyo mlango ili ifike kwa watu.